Tangu 1991: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda na urukaji mdogo wa Kampala

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda iliundwa kwa sheria mwaka 1991, ikiwa shirika la umma lenye dhamana mbili: kuendesha viwanja vya ndege vya serikali, na kusimamia usalama wa kila chombo kinachoruka katika anga ya nchi. Dhamana ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi, maana kila msafiri anayeshuka Entebbe huiona kwa macho. Ya pili haionekani sana, lakini ndiyo inayomgusa rubani wa ndege ya viti vinne, mwanafunzi wa urubani, na kijana aliyeunda ndege ya mfano yenye mabawa ya mita moja na nusu akawa anatafuta mahali pa kuirusha bila kumuudhi jirani. Historia hii inaifuata dhamana hiyo ya pili katika jiji la Kampala na vitongoji vyake, ambako kupata uwanja na kutuliza kelele vimekuwa jambo moja tangu mwanzo.

Kabla ya Mamlaka, 1931–1977

Shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, na baadaye ndege zake za kutua majini zikawa zinapitia Port Bell, bandari ya Kampala iliyoko Luzira. Ziwa halikuhitaji kufyekwa wala kulipiwa fidia, na mngurumo wa injini ulipotea juu ya maji. Tangu hapo hakuna uwanja mwingine uliowapa wakazi wa Kampala bahati ya namna hiyo.

Enzi ya ndege za nchi kavu ilihamishia uzito Entebbe. Kiwanja cha huko kilipanuliwa na kufunguliwa upya Novemba 1951, kikiwa na njia ndefu ya kurukia iliyotengenezwa kwa kuzingatia ndege za jeti zilizokuwa zinakuja. Hazikukawia. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ilianza safari ya kwanza ya abiria ya jeti duniani, kutoka London hadi Johannesburg, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake njiani. Mji mdogo wa kando ya ziwa ukawa miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa kusikia mvumo wa jeti ya abiria.

Kampala yenyewe ilikuwa na Kololo. Kiwanja hicho cha ndege ndogo kilikuwa ndani ya jiji, kikizungukwa na makazi, na hapo ndipo bendera ya Uganda ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962. Sherehe ile ndiyo iliyoamua mustakabali wa mahali pale kuliko uamuzi wowote wa kiufundi. Uwanja ulio tambarare, mpana na karibu na ikulu ya Nakasero ulionekana kufaa zaidi kwa mikutano kuliko kwa ndege. Tarehe 1 Agosti 1969 Papa Paulo VI aliwaweka wakfu maaskofu 12 hapo, na Novemba 2015 Papa Fransisko akakutana na vijana mahali hapohapo. Watu wa Kampala bado wanauita kiwanja cha ndege, ingawa shughuli zake ni magwaride, maombi na sherehe za taifa.

Wakati huo usimamizi wa anga haukuwa wa Uganda peke yake. Kurugenzi ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Nairobi, na huduma nyingi zilipangwa kwa nchi tatu kwa pamoja. Matunda yake makubwa kwa Uganda ni chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kuhudumia eneo zima. Kwa upande wa urukaji wa burudani, mgawanyo haukuwa sawa. Nairobi ilikuwa na klabu ya Aero Club of East Africa tangu 1927, na klabu hiyo ilipata makazi ya kudumu katika kiwanja kinachoitwa leo Wilson. Klabu yenye nyumba, hangari na njia ya kurukia hudumu hata wanachama wake wakibadilika. Kampala haikupata makao ya aina hiyo ndani ya jiji, na pengo hilo ndilo lililokuja kujazwa Kajjansi.

Idara yageuka shirika, 1977–1991

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi iliondoka na kipande chake. Uganda ilibaki na Soroti, Entebbe na viwanja vya mikoani, lakini haikuwa na chombo kilichozoea kuvisimamia peke yake. Kazi hiyo iliangukia idara ya wizara, katika miaka ambayo nchi ilikuwa inapita vita vya 1978–1979 na misukosuko iliyofuata. Haikuwa miaka ya kufikiria michezo ya angani.

Sheria ya 1991 ilibadilisha muundo. Shirika jipya lilipewa bodi, mtendaji mkuu na uwezo wa kutoza ada na kuzitumia kwa kazi zake. Mbali na Entebbe, lilikabidhiwa viwanja 13 vya mikoani: Arua, Gulu, Soroti, Kasese, Mbarara, Jinja, Tororo, Masindi, Pakuba, Lira, Kidepo, Moroto na Kisoro. Msomaji wa Kampala atagundua haraka kwamba jiji lake halimo katika orodha hiyo. Kilicho karibu zaidi ni Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi. Tangu kuzaliwa kwake, basi, Mamlaka imekuwa msimamizi wa anga ya Kampala bila kuwa na uwanja wa ndege ndogo jijini.

Kajjansi

Kajjansi iko karibu kilomita 13 kusini mwa katikati ya jiji kwa mstari ulionyooka, upande wa barabara ya Entebbe, katika wilaya ya Wakiso. Kabla ya kujulikana kwa ndege, mahali hapo palijulikana kwa vigae na matofali: kiwanda cha Uganda Clays kimekuwepo tangu 1950, na nyumba nyingi za Kampala zimeezekwa kwa udongo wa Kajjansi. Kiwanja chake ni cha binafsi, na kimekuwa makao ya Kampala Aero Club pamoja na kituo chake cha mafunzo, na pia ya ndege za shirika la kimisionari la MAF, zinazopeleka wahudumu na mizigo katika maeneo ambayo barabara hazipitiki kirahisi.

Hapo ndipo kazi ya pili ya Mamlaka inapoonekana vizuri. Wakaguzi wake hutoa leseni za marubani, huthibitisha ubora wa ndege na hukagua hali ya kiwanja, lakini ardhi si yao. Mwenye kiwanja cha binafsi ndiye anayeamua nani aingie, saa ngapi, na kwa malipo gani. Mpenzi wa ndege za mfano anayebisha hodi hapo hukutana na sababu nzito ya kukataliwa: kitu cha kilo mbili kilicho angani karibu na ndege yenye abiria ni hatari, hata kama mwenye kukiongoza ni fundi.

Mji nao ulikuwa unakisogelea kiwanja. Sensa ya 1991 ilihesabu watu 774,241 Kampala. Ya 2002 ikafika 1,189,142, na ya 2014 ikawa 1,507,080. Lakini ongezeko kubwa lilikuwa nje ya mpaka wa jiji. Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, ilikuwa na karibu watu milioni 2 mwaka 2014 na ilipita milioni 3 katika sensa ya 2024. Barabara ya mwendokasi ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa Juni 2018, iliongeza kasi ya ujenzi upande huo. Kwa mfumo wa ardhi wa Buganda, ambapo shamba moja la mailo huweza kuwa na mwenye hati na juu yake wenye vibanja kadhaa, uwanja mtupu haubaki mtupu kwa muda mrefu. Anayeomba ruhusa ya kurusha kwa mwenye hati Jumamosi hii anaweza kukuta msingi wa nyumba ya mwenye kibanja Jumamosi ijayo.

Kelele yapata kipimo, 1995–2003

Malalamiko ya kelele Kampala ni ya zamani, na mengi yanahusu baa, makanisa ya usiku na vipaza sauti vya matangazo. Hata hivyo chombo cha kuyashughulikia kisheria kilikuja na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kanuni zake za kelele za mwaka 2003 ziliweka viwango kwa kila aina ya eneo. Kwa makazi, kikomo ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Maeneo ya hospitali na vyuo yana 45 na 35. Maeneo ya viwanda 70 na 60. Usafiri wa anga wa kimataifa nao ulikuwa na kanuni zake za kelele za ndege, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 katika Kiambatisho cha 16 cha Mkataba wa Chicago, lakini hizo zinapima ndege halisi. Ndege ya mfano ilibaki kuwa suala la jirani na jirani.

Nchi zenye klabu nyingi za ndege za mfano zilikuwa zimeshaanza kujiwekea vipimo. Uingereza ilitoa mwongozo wa kelele za ndege za mfano mwaka 1982, ukiweka kikomo cha desibeli 82 kwa umbali wa mita 7. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, lililoundwa mwaka 1905, nalo lina vikomo vyake kwa mashindano ya sarakasi za angani, vinavyopimwa mita 3 kutoka ndege ikiwa chini, na vinatofautisha uwanja wa zege na wa nyasi kwa sababu zege hurudisha sauti.

Tofauti ya namba hizo za Uingereza na za NEMA inaeleza tatizo la Kampala kuliko maelezo marefu. Sauti inayotoka sehemu moja hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, mahali pakiwa wazi. Ndege inayotoa desibeli 82 kwenye mita 7 itasikika kwa 76 kwenye mita 14, kwa 70 kwenye mita 28, kwa 64 kwenye mita 56. Ili ifike 50, kikomo cha makazi mchana, inahitaji umbali wa mita 280. Duara lenye nusu kipenyo hicho lina ukubwa wa karibu hekta 25, yaani zaidi ya ekari 60, na ndani yake isiwepo hata nyumba moja. Ekari 60 tupu ndani ya Kampala ni mali ya kifalme.

Hesabu hiyo ni ya ndege iliyokwisha kufungwa sailensa nzuri. Injini ndogo ya mafuta yenye mipigo miwili, ikiachwa wazi, hupita kiwango hicho kwa mbali, na mlio wake mwembamba unaopanda na kushuka kila ndege inapogeuka humchosha msikilizaji kuliko mngurumo wa lori linalopita. Sehemu ya kelele haitoki hata kwenye injini: inatoka kwenye ncha za pangaboi zinazokata hewa kwa kasi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko pwani. Pangaboi lilelile linalotosha Mombasa linahitaji mizunguko zaidi Kampala ili livute sawasawa, na mizunguko zaidi ni kelele zaidi. Mafundi hulikabili hilo kwa kuchagua pangaboi refu linalozunguka polepole, kufunga injini juu ya mpira, au kutumia injini ya mipigo minne.

Suluhisho kubwa lilikuwa la umeme. Betri za lithiamu na mota zisizo na brashi zilipopatikana kwa bei ya watu wa kawaida, ndege nyingi za mfano zikaacha mafuta. Chukua mfano wa ndege ya umeme inayotoa desibeli 70 kwenye mita 7: hiyo hufika 50 kwenye mita 70 tu, na duara lake ni ekari 4 badala ya 60. Kwa mji wenye uhaba wa viwanja, kila desibeli iliyopunguzwa ni ardhi iliyopatikana.

Droni na ulinzi, 2007–2021

Umeme ulitatua kelele ukaleta hofu nyingine. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa iliunda CASSOA, wakala wa usimamizi wa usalama wa anga ambao makao yake yako Entebbe, ili kanuni za nchi wanachama zifanane. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO, lilitoa waraka wake wa kwanza mpana kuhusu vyombo visivyo na rubani mwaka 2011. Katikati ya hatua hizo mbili, tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliwaua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika mgahawa wa Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Tangu siku hiyo, chochote kinachoelea juu ya mkusanyiko wa watu Kampala hutazamwa kwanza na jicho la ulinzi.

Mwaka 2011 vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti habari za vijana wa Ntinda waliokuwa wakiunda ndege uani kwa fedha za kuchangishana. Habari ile ilichekwa na wengi, na hakika ndoto za anga za juu zilizoambatana nayo zilikuwa kubwa kuliko mfuko. Lakini ilionyesha hamu iliyokuwepo na mahali ilipokwama: ndege inaweza kuundwa uani, ila haiwezi kurukia uani.

Miaka miwili baadaye droni za kamera zilizotoka kiwandani tayari kuruka zikaanza kuuzwa duniani kwa wingi. Mwenye ndege ya mfano wa zamani alitumia miezi akiunda na kujifunza. Mnunuzi wa droni alihitaji dakika kumi. Sheria zilizokuja baada ya hapo ziliandikwa kwa ajili ya huyu wa pili, zikambeba na wa kwanza. Uganda ikachukua njia ya tahadhari: kuingiza na kurusha kunahitaji idhini ya Mamlaka, pamoja na kibali cha vyombo vya ulinzi. Redio inayotumika iko chini ya Tume ya Mawasiliano, na viwanja vya umma vya jiji viko chini ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, iliyochukua nafasi ya halmashauri ya zamani mwaka 2011. Jambo moja, ofisi nne.

Kenya ilipotangaza kanuni zake mwaka 2020 iliweka umbali kwa kilomita: 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege na 7 kutoka vidogo. Kipimo hicho kikiwekwa juu ya ramani ya Kampala, duara la Entebbe linameza mji mzima wa Entebbe na Katabi. La Kajjansi linameza Seguku, Lubowa na Bwebajja, maeneo yaleyale ambayo bado yana nafasi. Kaskazini zaidi kuna jiji lenyewe, pamoja na ikulu, kambi za jeshi na bunge.

Mwaka 2019 marekebisho ya sheria yaliipa Mamlaka jina lake la sasa, na wadhifa wa mtendaji mkuu ukawa wa mkurugenzi mkuu. Mwaka 2021 matumizi ya droni yenye manufaa ya wazi yalionekana Kalangala, ambako taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza kupeleka dawa za VVU visiwani kwa droni. Mradi huo unastahili sifa mbili: uliokoa safari za mitumbwi, na ulionyesha kwamba idhini hupatikana pale njia, saa na mwenye dhamana vinapojulikana mapema.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1931 | Imperial Airways yafungua njia ya London–Mwanza |
| 1951 | Entebbe yafunguliwa upya baada ya upanuzi |
| 1962 | Bendera ya uhuru yapandishwa Kololo |
| 1971 | Chuo cha urubani chaanzishwa Soroti |
| 1977 | Jumuiya ya Afrika Mashariki yavunjika |
| 1991 | Mamlaka yaundwa kwa sheria |
| 1995 | NEMA yaanzishwa |
| 2003 | Kanuni za viwango vya kelele |
| 2007 | CASSOA yaundwa |
| 2018 | Barabara ya mwendokasi ya Kampala–Entebbe yafunguliwa |
| 2019 | Mamlaka yapewa jina la sasa |
| 2021 | Droni za dawa zaanza Kalangala |

Kinachohitajika sasa

Mamlaka imeilea Entebbe kutoka kiwanja kilichochoshwa na vita hadi lango lililokaribia abiria milioni 2 mwaka 2019, na hilo halina mpinzani. Kwa urukaji mdogo wa Kampala kazi iliyofanyika ni ya usalama zaidi kuliko ya nafasi. Idhini hutolewa kwa mtu na kwa chombo, wakati tatizo kubwa ni uwanja. Klabu za nje zilizodumu zilifanya kinyume: zilipata kwanza mahali palipokubaliwa na majirani, zikaweka saa za kurusha, kikomo cha kelele na mtu wa kuwajibika, ndipo wanachama wakaingia chini ya ruhusa ya mahali hapo. Utaratibu kama huo ungemrahisishia kazi hata ofisa wa ulinzi, kwa kuwa ni rahisi kuchunguza uwanja mmoja kuliko watu mia waliotawanyika.

Mahali panapofaa hapako ndani ya jiji. Pako Wakiso, Mukono au Mpigi, nje ya njia za Entebbe na Kajjansi, penye shamba au maji upande mmoja ili duara la kelele lisihitaji kununuliwa lote. Ghuba ya Lutembe, iliyohifadhiwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2006, iepukwe kwa ajili ya ndege hai. Ekari nne zinatosha ikiwa kila kinachorushwa ni cha umeme. Wapangaji wa miji wa wilaya hizo, wakikaa na Mamlaka, waziweke ekari hizo kwenye ramani kabla wenye vibanja hawajamwaga misingi.